Siku Fisi Alipompata Dada Kaburini

Wallahi, haki ya Mungu, naapa kwa kaburi la babu yangu aliyekuwa akinyanyua jiwe la kusagia kwa kidole kidogo: yote nitakayosema ni kweli tupu. Atakayekuta uongo hata wa kujaza kisoda, aje anikate sikio la kulia. La kushoto nalihitaji. Nilikuwepo. Nilisimama karibu kuliko wote, mpaka Tembo mwenyewe akaniambia, "Ngwale, sogea kidogo nipite." Nikakataa. Akazunguka.

Basi itikieni.

Nifungue?

— Fungua.

Kitatoka nini?

— Kitatoka chenye miguu.

Kikikimbia?

— Tutakikimbiza.

Kikituuma?

— Na sisi tutakiuma.

Haya. Mkude, toa kichwa kwenye moshi. Ngano hii ina msiba ndani, asije mtu akasema sikumwambia.

Hapo kale alikuwepo Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba, ukimgusa anajikunja kama ndimu. Alikuwa na mke, jina lake Mwanamiiba, na watoto wanne. Sasa, watoto wa kalunguyeye miiba yao ni laini kama nywele za mahindi. Bundi akiwakuta nje anawameza kama maharage. Kwa hiyo wanakaa shimoni mpaka miiba ikomae. Shimo lao lilikuwa chini ya kichuguu, mlango mdogo, ndani joto. Likumbukeni shimo hilo. Likiondoka shimo, watoto hawaoni asubuhi.

Mwaka ule Serikali ya Tembo ikatangaza mkopo. Mbiu ikalia, pa-pa-pa, pa-pa-pa. Wanyama wadogo wakope mtama, wafanye biashara, waache kulialia. Mtama atatoa Fisi, maana ghala ni la Fisi. Serikali inadhamini. Mdogo akishindwa kabisa, hana kitu, hana ndugu wa kumlipia, Serikali itamfidia Fisi nusu.

Fisi akacheka, hii-hii-hii. "Mfupa huu una nyama pande mbili," akasema.

Mwanamiiba akakopa magunia matatu. Rehani akaweka shimo. Akapika togwa, na togwa yake, jamani, mimi nilikunywa pipa zima nikiwa nimesimama, na bado nikaomba ya njiani. Akawa anazunguka na kibuyu chake, togwa, togwa, togwa baridi. Mambo yakaanza kwenda.

Halafu mvua ikakataa. Kisima kikakauka, mto ukakauka, hata mate yakawa ya kukopeshana. Togwa bila maji ni unga. Biashara ikafa. Deni halikufa.

Kila asubuhi Fisi huyo, kwata, kwata, kwata, mpaka mlangoni.

"Bi Mkubwa, marejesho."

"Sina, bwana Fisi. Nipunguzie kidogo."

"Kupunguza si kazi yangu. Nenda Serikalini."

Mwanamiiba anakwenda Serikalini. Njia ndefu, jua kali, miguu mifupi. Ti, ti, ti, ti. Anamkuta Nyati, karani wa Tembo, amekaa kivulini anatafuna.

"Mtama alikupa nani, mama?"

"Fisi."

"Basi kupunguza ni kazi ya Fisi. Rudi kwa Fisi."

Anarudi. Ti, ti, ti, ti.

"Bi Mkubwa, marejesho."

"Serikali imesema wewe ndiye wa kupunguza."

"Serikali haina ghala. Nenda Serikalini."

Anakwenda. Anarudi. Anakwenda. Anarudi. Njia ikawa laini kwa nyayo zake peke yake. Mama akakonda, miiba ikabaki mingi kuliko mwili.

Siku moja akaenda, hakurudi. Kalunguyeye akafuata nyayo, vinyayo vidogo vidogo kwenye vumbi, mpaka zikaisha. Akamkuta amelala ubavu, kibuyu pembeni. Alikuwa katikati ya njia kabisa. Hajafika Serikalini, hajarudi kwa Fisi. Katikati.

Kalunguyeye alimbeba mgongoni. Sasa fikirini wenyewe, miiba juu ya miiba.

Msiba ukatandikwa pale kichuguuni. Wakaja digidigi, wakaja kanga, wakaja sungura wamevaa huzuni za kuazima. Na mimi nilikuja, nikalia machozi ya kujaza karai, watu wakanywesha mbuzi. Pimbi ndiye alikuwa msemaji wa msiba. Mnamjua Pimbi, hana mkia, ila sauti anayo.

Kabla hata kaburi halijachimbwa, kwata, kwata, kwata.

"Poleni," akasema Fisi. "Pole sana, mzee. Kazi ya Mungu haina makosa. Mkizika, mtoe watoto nje. Shimo ni langu."

"Watoto miiba bado laini," akasema Kalunguyeye.

"Hilo mwambie Bundi."

"Bwana Fisi, nasikia Serikali ilishakufidia nusu."

"Ilinifidia mwezi jana, gunia na nusu. Kwani nimekuficha?"

"Si mpaka uape?"

"Nikaapa. Nikaapa hana kitu, hana ndugu wa kumlipia. Sasa nusu nimepewa na Serikali, lakini deni nalidai lote. Hiyo ndiyo biashara, ndugu yangu, wewe ulizoea togwa." Akacheka hii-hii-hii, akaenda kujilaza nyuma ya kichuguu asubiri mazishi yaishe.

Kalunguyeye akajikunja. Mpira. Watu wakasema, masikini, uchungu umemzidi. Alikuwa anafikiri. Uchungu ulikuwepo pia, lakini huo ulikuwa unasubiri zamu yake.

Akajikunjua. Akachukua kibuyu kikubwa cha mkewe, akakijaza majivu ya jikoni na mawe mawili, akaziba mdomo kwa nta, akapaka mafuta kidogo kwa nje. Akamwita Pimbi mpaka karibu na kichuguu, upande huu, na upande ule mnajua nani amelala.

Akasema kwa sauti, "Pimbi, mwenzio nimechanganyikiwa. Mke wangu ameacha kibuyu cha mafuta. Mafuta ya kiboko, yamejaa mpaka shingoni."

Pimbi akanong'ona, "Mafuta gani? Hajawahi kuwa na—"

"Toa pole na unyamaze," akanong'ona Kalunguyeye. Halafu kwa sauti, "Na wewe unaijua mila yetu. Mali ya mwanamke mume hagusi. Inarudi kwao, anachukua kaka yake. Na huyu hakuwa na kaka. Basi itabidi tumzike nayo."

"Pole," akasema Pimbi.

Akagonga kibuyu, ndu, ndu, ndu. Kizito. Nyuma ya kichuguu, sikio moja likasimama.

Kaburi likawa tayari. Nyati akafika na rambirambi za Serikali, majani makavu fungu moja, akayatafuna mwenyewe huku akisubiri. Pimbi akapanda juu ya jiwe.

Sasa ninyi mnajua desturi. Kabla marehemu hajafukiwa, msemaji anauliza mbele ya watu wote. Na kinachosemwa pale, udongo umekisikia, hakirudi mdomoni.

"Yupo ndugu wa marehemu wa upande wa kwao?" akauliza Pimbi.

Kimya.

"Yupo ndugu?"

Kimya. Kanga mmoja akakohoa.

"Mara ya mwisho. Yupo?"

"Nipo," akasema Fisi.

Watu wakageuka. Fisi anasogea, kichwa chini, mkia chini, mate yanadondoka. "Mimi ni kaka yake. Mama mmoja, baba mmoja, ziwa moja."

"Mbona huna miiba?" akauliza Digidigi.

"Ilidondoka. Uchungu huo."

"Imedondoka saa ngapi? Asubuhi hii ulikuwa unadai shimo."

"Kila mtu na msiba wake," akasema Fisi. "Usinichungulie."

"Shika udongo uape," akasema Pimbi.

Fisi akashika udongo, akaapa, akaumwaga kaburini. Akainua shingo akalia, uuuu-wii, uuuu-wii, dada yangu. Alilia vizuri kuliko wafiwa wote. Kuliko mimi, hapana. Jicho lake lilikuwa kwenye kibuyu.

"Vyema," akasema Pimbi. "La pili. Yupo anayemdai marehemu?"

Hapo ndipo tamaa inapomaliza mtu. Angenyamaza, angeondoka na kibuyu chake na kesho angerudi kudai. Lakini Fisi hajawahi kuona mlango wazi akaupita.

"Namdai mimi," akasema. "Magunia matatu ya mtama, na shimo ni rehani."

"La tatu na la mwisho. Nani ndugu wa kubeba deni la marehemu, ili alale akiwa mwepesi?"

Kimya. Safari hii kimya kilikuwa na macho. Digidigi akamtazama Fisi. Kanga wakamtazama Fisi. Nyati akaacha kutafuna.

"Ngoja kwanza," akasema Nyati. "Wewe si ulikuja kwetu ukaapa huyu mama hana ndugu? Tukakupa gunia na nusu?"

Fisi akarudi nyuma hatua moja. Akisema yeye si kaka, ameapa uongo juu ya kaburi, na waliokuja kuzika wana mawe mikononi. Akisema ni kaka, ameapa uongo kwa Tembo, na Tembo huwa hakosei anapokanyaga.

"Shemeji," Fisi akamwita Kalunguyeye kwa sauti ya chini. "Shemeji yangu. Njoo pembeni tuongee."

Wakaenda pembeni. Nilisikia kila neno, masikio yangu yanasikia mchwa akipiga chafya.

"Lipa nusu, yaishe," akasema Fisi.

"Nusu ulishapewa na Serikali."

"Robo basi. Robo tu, shemeji."

"Robo nimlipe nani? Kaka wa marehemu ndiye anayelipa."

"Mwaka mzima wa kulipa kidogo kidogo. Bila riba. Sijawahi kumfanyia mtu."

"Mke wangu alikuomba hivyohivyo. Ulimwambia aende wapi?"

Nyati akakwaruza kwato chini, gwaru, gwaru.

"Unataka nini?" akasema Fisi.

"Sema mbele ya watu kwamba hukujua. Mlipotezana utotoni, umemtambua leo alipolazwa. Hapo hujamdanganya Tembo, ulikosea tu. Mrudishie gunia na nusu lake. Halafu, kama kaka, lisamehe deni mara tatu, na shimo ulitamke kwamba ni la watoto."

"Mimi nabaki na nini?"

"Unabaki hai. Na kibuyu chako cha urithi."

Fisi akakitazama kibuyu. Akameza mate, gudu.

"Ila urithi wa dada," akasema Kalunguyeye, "kaka haufungui kabla ya arobaini. Ukifungua mapema mafuta yanageuka majivu. Mila hiyo, sikuitunga mimi."

Fisi akarudi kaburini akasema yote. Sikujua. Hatukujuana. Nimesamehe, nimesamehe, nimesamehe. Shimo ni la wajomba zangu wadogo. Hata kuita watoto wa dada alikosea, lakini nani alijali. Akakumbatia kibuyu akaondoka, kwata, kwata, mzito, na Nyati nyuma yake kufuata mtama wa Serikali.

Mwanamiiba akafukiwa. Watu wakala kilichokuwepo, wakaenda zao. Pimbi akamwambia Kalunguyeye, "Umeshinda, ndugu yangu. Deni limekwisha."

Kalunguyeye akasema, "Ujanja huu umenijia leo. Ungenijia juzi angekuwa hapa."

Akaingia shimoni. Watoto wakamuuliza, mama anarudi lini kutoka Serikalini? Akawaambia walale. Alikuwa na jambo kubwa la kusimulia, jinsi Fisi alivyolia, jinsi Nyati alivyoacha kutafuna, na yule aliyezoea kusimuliwa mambo hayo kila jioni alikuwa nje, chini ya udongo mpya. Akajikunja mlangoni, miiba nje, akaziba mlango kwa mgongo wake. Wanasema kalunguyeye anajikunja kwa woga. Waacheni waseme.

Nimefunga?

— Funga.

Chenye miguu kiko wapi?

— Kimerudi ndani.

Basi mafunzo ni haya. Mkopo hauna ubaya wowote, ubaya ni kuwa na miguu mifupi. Ndugu wa kweli anajulikana kwenye msiba. Na mdogo asiogope kukopa, maana Serikali iko nyuma yake. Nyuma kidogo tu, inatafuna, itafika.

Ila nawaomba kitu kimoja, na wewe Mkude nakutazama usoni. Fisi hajui kuhesabu hadi arobaini. Anahesabu siku, akifika kumi na kitu ananusa nyama mahali, anakwenda, akirudi amesahau, anaanza upya. Ndiyo maana mnamsikia usiku, uuuu-wii, uuuu-wii, bado yuko matangani, kibuyu bado kimezibwa. Siku akijua ndani mna nini, atarudi pale kichuguuni, na kuna watoto mle ambao miiba yao haijakomaa. Kwa hiyo mliyoyasikia hapa msimwambie mtu.