Picha ya Mama Nakiete

Hapo zamani, siyo ile ya fisi kuoa na sungura kuwa mshenga, ni hii ya juzijuzi ya kamera za filamu, alikuwepo mwanamke wa milima ya Upare aitwaye Nakiete. Mama yake alifariki yeye akiwa na miezi mitatu, na picha hakuachiwa hata moja. Akimuuliza shangazi, "Mama alikuwaje?" anajibiwa, "Mweupe kidogo." Akimuuliza baba, anajibiwa, "Mweusi kidogo." Sasa hapo mtu ashike lipi? Akakua, akaolewa, akashika mimba, sura ya mama haijui.

Mwezi mmoja kabla ya kujifungua, picha ikaja. Nakiete akalia mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Alipojifungua akatamka, "Aliyenipa mama yangu ndiye atakayempa mwanangu jina."

Kauli hiyo haikuwa ya mzaha. Kijijini kwao mtoa jina ni mmoja tu, na hulitaja siku kitovu kinapodondoka, kabla jua halijazama. Tangu hapo mtoto ni wake pia. Mtoto akikua atamlimia mtoa jina wake, atamuuguza, na siku ikifika atamzika. Kitovu kikadondoka Alhamisi asubuhi, na wakafika watu watatu, kila mmoja na jina lake mdomoni. Haya sasa!

Akaanza Mzee Zefania, mpiga picha. "Mwanangu, nilizunguka milima hii na baiskeli, kamera shingoni, napiga watu wakiwa safarini. Siku ya gulio filamu ilibaki picha moja, nimemwekea mchungaji. Nikamwona mama yako kapumzika kando ya njia, kageuza shingo anakuchekea wewe mgongoni. Mchungaji nikamwacha na tai yake. Bila mimi, picha ingetoka wapi?"

"Kweli, baba," Nakiete akasema.

"Kweli nini?" shangazi akadakia. "Mwulize ilikuwa wapi miaka yote hiyo!"

Zefania akajikuna kichwa. Kila picha alikuwa akiandika jina na kijiji nyuma yake, lakini siku ile mchungaji alimfokea hata akasahau kumwuliza yule mama jina. Ikakaa studio bila mwenyewe. Alipofunga studio, akaitupa jalalani pamoja na nyingine.

Akafuata Bi Nanzia, mwenye mgahawa kule chini barabarani. "Mimi niliiokota mvua inanyesha, nikaikausha jikoni, nikaitia kioo. Sina mtoto, sina ndugu. Miaka kumi na saba naiamkia kila asubuhi. Wasafiri wakiuliza, nasema ni dada yangu na mwanawe. Bila mimi, ingeoza."

"Kweli, mama."

"Na ulipoambiwa huyo mtoto yu hai?" shangazi akauliza.

Bi Nanzia akainama. "Nilimfukuza aliyeniambia. Niliogopa. Ningebaki na nani?"

Aliyefukuzwa ndiye Kiondo, muuza mitumba, naye akasimama. "Mimi nikila kwa Bi Nanzia naiona hiyo picha. Nikapanda na mzigo gulio la huku, nikamwona Nakiete kageuza shingo, anamchekea mwenzake. Loo! Nikaangusha robota la nguo. Nilipomweleza bibi, akanifukuza. Nikarudi, akanimwagia maji ya vyombo. Mara ya tatu nikamwambia, 'Basi njoo umwone kwa macho yako.' Ndipo akaja na picha. Bila miguu yangu, hawa wangekufa hawajuani."

"Kweli, kaka. Uliniona lini pale gulioni?"

Kiondo akajibu, "Miaka mitatu iliyopita. Nilidhani nimeona mzimu, nikanyamaza miwili."

Nakiete akahesabu kimyakimya. Baba yake alikufa mwaka jana, na siku za mwisho alikuwa akilia, "Sura yake imenitoka." Kumbe picha ilikuwa mwendo wa siku moja tu!

Halafu shangazi naye, badala ya kusaidia, akakumbuka jingine. Nyumba yao iliungua mwaka uliofuata msiba. Zefania angeandika jina, picha ingeletwa nyumbani ikateketea. Lo, sasa kosa limekuwa wema! Akili ikamruka Nakiete. Akimtazama Zefania anashukuru, anakasirika. Akimtazama Bi Nanzia anamhurumia, anamwonea wivu, maana yule ameishi na mama yake miaka kumi na saba. Akimtazama Kiondo, anamwona baba yake akilia.

"Mke wangu," mumewe akaita kutoka uani, "jua linagusa mlima."

Wale watatu wakasogea. Nakiete akamnyanyua mtoto. Mtoto akaanza kulia.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniambie wagawane, nimeshasema mtoa jina ni mmoja. Aliyepiga picha akaitupa, aliyeitunza akaificha, aliyeifikisha akachelewa. Semeni upesi, jua haliwangoji: je, nani alistahili kumpa jina mtoto wa Nakiete?