Aliyeuvusha Mtandao Hadi Ndolwa

"Hilo sanduku la juu ya nguzo lina namba gani sasa?"

Nakijwa aliuliza hivyo kwenye simu. Akauliza tena. Upepo ulisikika, mtu alisikika akitafuna, jibu halikusikika. Likumbukeni swali hilo wakati narudi nyuma kidogo, maana kesi isiyoelezwa kuanzia chanzo huamuliwa kwa kutazama sura za watu.

Hapo zamani, wala msifikirie zamani za wanyama kusema, zamani hii watu walikuwa na simu mfukoni na bado hawakusikilizana, palikuwa na vilima viwili vinavyotazamana, Ikongwe na Ndolwa, na bonde refu katikati yake. Ikongwe kulikuwa na chuo cha ufundi, na chuoni intaneti ilifika kwa waya. Ndolwa kulikuwa na sekondari ya wasichana, na huko intaneti haikufika kwa waya wala kwa dua. Msichana wa kidato cha sita akitaka kuomba chuo, alishuka bonde, akapanda bonde, akapanga foleni kwenye kompyuta ya watu, akarudi bwenini na matope hadi magotini.

Mkuu wa shule ya Ndolwa, Mwalimu Kiangi, akachoshwa na matope hayo. Akahangaika kwa wafadhili hadi akapewa masanduku mawili ya kurushia mtandao hewani, yale ambayo mafundi huyaita madaraja. Moja lifungwe Ikongwe, jingine Ndolwa, yatazamane, na mtandao uvuke bonde bila kulowa. Kisha akawaita vijana watatu waliohitimu chuo cha Ikongwe.

"Nina nafasi moja ya mafunzo," akawaambia. "Mwaka mzima mjini, na anayerudi anakuwa fundi wa mtandao wa shule zote za tarafa hii. Maombi ya vyuo yanafungwa Ijumaa jioni. Atakayeuvusha mtandao hadi hapa kabla ya hapo, jina lake ndilo nitakalolipeleka. Jina moja."

Vijana wenyewe walikuwa hawa. Senzota, aliyeweza kupanda chochote kilichosimama. Elinazi, aliyeweza kukaa popote palipokalika. Na Nakijwa, aliyeitaka nafasi ile kuliko hao wawili ukiwaunganisha na kuwazidisha.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia ilitoka nafasi kama hiyo, kwenye kazi ya mnara wa zahanati. Siku ya kupanda, wakubwa walimwambia binti hapandi mnara, watu watatazama nini. Akatii, akafanya kazi yote ya chini. Siku ya kuchagua, wakubwa walewale wakasema binti alijitahidi, ila hakupanda mnara. Nakijwa aliyameza maneno hayo na mpaka leo hayajashuka. Na waliokwisha kutimiza miaka ishirini na sita hawachukuliwi kwenye mafunzo hayo; yeye alikuwa anaitimiza Januari. Hii ilikuwa mara ya mwisho. Hapakuwa na mwaka ujao.

Sasa sikilizeni. Siku ya kwanza ya kazi, Mwalimu Kiangi akamwona Nakijwa anajifunga kamba kiunoni. Akamwambia afungue. Binti hapandi nguzo yeye akiwa mkuu wa shule. Aende Ikongwe akakae na ruta, huko kuna kivuli. Nakijwa akauliza kwa adabu kama mwisho wa kazi itahesabiwa kwamba hakupanda. Mwalimu akasema hayo ni ya baadaye. Ya baadaye. Senzota akapewa kamba.

Nakijwa akashika namba. Kila kifaa kwenye mtandao sharti kiwe na anwani yake, na anwani hizo yeye ndiye aliyezipanga. Ruta ya Ikongwe, iliyo mlango wa kutokea kwenda duniani, akaipa namba moja. Daraja la Ikongwe akalipa mbili. Daraja la Ndolwa akalipa tatu. Kompyuta za wasichana akazianzishia mbali, hamsini na kuendelea, zisije zikakanyagana na wakubwa. Akawaeleza wenzake kwamba masanduku haya yakitoka kiwandani kila moja linajiita namba moja, na ruta nayo ni namba moja, kwa hiyo yasiachwe hivyo. Mama mwenye watoto wawili wa jina moja akiita, wanaitika wote wawili, na aliyetumwa dukani hajulikani ni yupi.

Nakijwa akaeleza. Senzota alikuwa anakagua mafundo ya kamba. Nakijwa akaeleza tena. Elinazi alikuwa anageuza mahindi motoni. Alipoeleza mara ya tatu, Elinazi akamtungia wimbo, "moja mlango, mbili huku, tatu kule, dada yetu anaota namba", akauimba wiki nzima akienda na akirudi, hadi wapishi wa shule wakaushika.

Jumatano mtandao ulivuka. Wasichana waliona kurasa zikifunguka, wakacheza. Jioni hiyohiyo mwalimu mmoja wa zamu, aliyetaka mpira uonekane vizuri zaidi, akaingia kwenye mipangilio ya daraja la Ndolwa na kuivuruga. Nakijwa akavuka bonde, akairekebisha, na kwa hasira akalifunga sanduku kwa neno la siri jipya. Neno hilo hakumwambia mtu. Simfichii kosa, nalo litieni kwenye mizani.

Alhamisi ikaja dhoruba. Upepo ukaligeuza sanduku la Ndolwa likatazama msituni, na mtandao ukakatika. Senzota akapanda. Nguzo ilikuwa inateleza, inayumba, na waliokuwa chini waliacha kutazama. Lakini sanduku haligeuzwi kwa kukisia. Lazima uingie ndani yake kwa simu, uone nguvu ya mawimbi inapanda au inashuka. Akajaribu kuingia, akaambiwa alete neno la siri. Akampigia Nakijwa, hakumpata, dhoruba ilikuwa imeua mawasiliano yote ya simu. Akiwa juu kule, mkono mmoja kwenye nguzo, akachomoa kipande cha waya na kubonyeza kile kitundu kinacholirudisha sanduku utotoni. Sanduku likasahau yote, na neno la siri pia. Akaliingiza upya jina la daraja na ufunguo wa kuliunganisha na mwenzake wa Ikongwe, ambavyo alivijua. Akaligeuza taratibu hadi mawimbi yakajaa na taa zote zikawa kijani. Akashuka, magoti yamechubuka. Namba hakuigusa. Sanduku lililozaliwa upya likaamka likijiita moja, kama lilivyozaliwa.

Ijumaa asubuhi wasichana wakaketi mbele ya kompyuta. Taa kijani. Mawimbi yamejaa. Hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Senzota akasema mtandao upo, taa si hizo hapo, bila shaka kompyuta za shule ndizo mbovu. Huko Ikongwe ruta ilikuwa nzima na chuo kizima kilikuwa mtandaoni. Nakijwa akapiga simu, akaelezwa habari ya nguzo na dhoruba, na akauliza lile swali.

Senzota alilisikia. Alikumbuka kitundu, akakumbuka waya. Akaiweka simu mezani mbele ya Elinazi, ambaye alikuwa na muhogo mdomoni. Simu ikakatika. Nakijwa akapiga tena, haikushika. Basi akavua viatu, akashuka bonde kwa miguu, njia nzima akiwasemesha watu ambao hawakuwepo.

Elinazi akamaliza muhogo wake. Hakumaliza haraka. Akafuta vidole, akavuta kompyuta moja, akaita namba moja ili auone ukurasa wa ruta ya Ikongwe. Ukaja ukurasa wa sanduku lililo nje, juu ya nguzo, limeitika kwa jina la ruta. Akacheka peke yake. Akafuta moja, akaandika tatu. Baada ya muda mfupi kurasa zikafunguka chumba kizima. Hata kwenye kiti hakuinuka.

Nakijwa alipotokeza getini, matope hadi magotini, wasichana walikuwa wanatuma maombi yao ya mwisho. Elinazi alikuwa na kikombe cha chai, na Mwalimu Kiangi alikuwa anampa mkono.

Nakijwa akasimama barazani bila kunawa. Akasema kama jina linapelekwa, lisipelekwe kwa chai. Mwalimu akakubali kuwasikiliza wote watatu, na wasichana wakajaa madirishani.

Senzota akasema kwanza. "Mwalimu, mimi sina maneno ya kuvaa suti. Namba hazipandi nguzo. Hawa wangepanga anwani mpaka Krismasi, na sanduku linatazama nyani. Jana ningeanguka, leo mngekuwa mnachanga rambirambi. Mtandao haukuvuka bonde kwa hesabu, ulivuka kwa magoti yangu haya."

Nakijwa akasema. "Magoti yako nayaheshimu, kaka. Lakini Jumatano mtandao ulifika hapa ukiwa mzima, na kila anwani ndani yake niliiweka mimi. Uliuawa na kidole chako. Na leo niliuliza swali moja tu, ambalo yeyote aliyelijibu angekuwa amemaliza kazi. Nililiona kosa nikiwa kilima cha pili."

"Uliliona, dada, hukuliondoa," akasema Elinazi. "Swali haliwashi taa. Wasichana hawa wametuma maombi kwa sababu yangu au kwa sababu ya swali lako?"

"Na ile tatu uliitoa wapi?"

"Kwako. Sikatai, nimeiimba wiki nzima. Sasa niambie, mwanafunzi akifaulu mtihani, cheti anapewa mwalimu wake?"

Madirishani wakacheka, na Nakijwa akasubiri wamalize. Alikuwa amezoea kusubiri watu wamalize.

Ndipo Senzota akalitoa lililokuwa linamchoma. Akauliza, kwani yeye alibonyeza kitundu kile kwa nini? Ni kwa raha? "Ulifunga mlango ukaondoka na ufunguo. Mimi nikakuta nyumba inawaka. Nikauvunja. Leo unaniuliza habari za mlango?"

Hapo Nakijwa alikuwa amepatikana. Hakusema kwamba alifunga kwa sababu ya mwenye kupenda mpira. Kila mtu alilijua hilo na halikutosha. Hakumgeukia Senzota wala Elinazi, alimgeukia Mwalimu Kiangi.

"Neno la siri lilikuwa kichwani mwangu," akasema. "Na kichwa changu kilikuwa Ikongwe, kwenye kivuli, kwa amri yako. Ungeniacha nipande, neno la siri lingekuwa juu ya nguzo."

"Nilikukataza kwa usalama wako, mwanangu."

"Senzota yeye hana usalama, Mwalimu?"

Mwalimu Kiangi akakiri kwamba aliuliza nani atauvusha mtandao, hakuuliza nani atapanda. Kisha akakiri pia kwamba mtandao ulivuka mara mbili, Jumatano na Ijumaa, na ahadi yake haikusema ni uvukaji upi unaohesabiwa. Mpishi mmoja akapaza sauti kwamba wote watatu ni watoto wetu, wapewe wote. Watu wakaitikia, ndiyo, wote. Nakijwa akafumba macho. Alilijua neno hilo lilivyo: huanza kwa kupewa wote, huishia kwa kupewa yule ambaye hakuna atakayempinga.

"Nafasi ni moja," Mwalimu akasema, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Alipeleka jina gani? Sisemi. Nikiwatajia mtasema mkubwa amekwisha kukata shauri, na mtaacha kufikiri, kana kwamba kilichokatwa na mkubwa kimekatwa sawasawa. Kaeni ninyi kwenye kile kiti cha ofisini. Senzota aliweka uhai wake juu ya nguzo, kisha kwa kidole akaua alichokuwa anakiokoa. Nakijwa aliupanga mtandao wote na akaliona kosa kutoka ng'ambo, lakini alificha ufunguo. Elinazi alikula mahindi wiki nzima, akala na muhogo, kisha akabadili tarakimu moja, na bila tarakimu hiyo wasichana wa Ndolwa wangeikosa siku yao.

Je, nafasi ile ilikuwa ya nani? Naomba kila mmoja wenu ataje jina moja na aseme sababu yake, na tafadhali, asiwepo wa kuniambia wote watatu.