Sauti ya Tano Shimoni

Hapo zamani, sogeeni karibu, na atakayesikia asije akasema hakuambiwa, palikuwa na wachimba visima wanne katika nchi kavu ya Ugogo. Hawakuwa na mnyapara. Hakuna aliyemwamuru mwenzake. Kila asubuhi walisimama kwenye mdomo wa shimo, na kila mmoja akajitajia kazi yake.

Chibago husema, "Mimi leo nitachimba."

Malogo husema, "Mimi leo nitajenga ukuta wa mawe."

Mbeleje, mwanamke pekee kati yao, husema, "Mimi leo nitavuta kamba."

Na Ndahani, ambaye sikio lake liliijua ardhi kabla haijasogea, husema, "Mimi leo nitasikiliza."

Mwiko wao ulikuwa mmoja. Yeyote akisema "Tutoke," wote hutoka. Haulizwi kwa nini. Hachekwi. Mara nyingine walitoka bure, wakapumzika, wakarudi kazini. Visima saba wakachimba hivyo, na hakufa mtu.

Cha nane walimchimbia mtemi Mbukwa. Ukame ulikuwa wa mwaka wa pili. Ng'ombe walikuwa wakianguka, na watoto wakitafuna mizizi ili ndimi zilowe. Mtemi akaja shimoni, akasema, "Atakayetuletea maji, kisima kitaitwa kwa jina lake, na ukoo wake utakunywa kwanza siku zote."

Mbeleje akauliza, "Atakayeleta yupi, mtemi? Sisi tu wanne."

"Mtajuana wenyewe," akasema mtemi, akaenda zake.

Siku ile ile waliacha kula chungu kimoja. Asubuhi wakajitaja kama kawaida, ila hawakutazamana. Ndahani alipomaliza, sauti ikatoka chini, ndani ya shimo tupu. Ilikuwa sauti ya upole, kama ya mtu wa nyumbani.

"Nami leo nitapokea."

Wote wanne waliisikia. Chibago akachukua sururu, akashuka.

Kesho yake wakajitaja, na sauti ikajitaja. "Nami leo nitapokea."

"Tutoke," akasema Ndahani. "Tuliache shimo hili."

Chibago akacheka. "Tutoke, halafu urudi peke yako jioni uyakute maji?"

Malogo hakucheka, wala hakumkemea. Mbeleje hakucheka, wala hakumkemea. Na hakuna aliyetoka.

Siku ya tatu sauti ilikuwa imepanda. Ilisemea usawa wa magoti yao. "Nami leo nitapokea."

Siku hiyo Malogo aliona ufa kwenye ukuta wake. Akauziba kwa tope upesi, wenzake wasiuone. Mbeleje aliteremsha ndoo, na kabla Chibago hajafika chini, kamba ikavutwa mara mbili, polepole, kama mtu anavyovuta kusema "pandisha". Akapandisha. Ndoo ilikuwa tupu, nayo ina joto, kama kigoda alichoondokea mtu sasa hivi. Hakumwambia mtu. Ndahani akalaza sikio chini, akasikia ardhi inavuta pumzi. Akafumbua mdomo. Akakikumbuka kile kicheko. Akaufumba.

Jua lilipofika utosini, Chibago akapaza sauti kutoka chini, "Maji! Maji yangu! Yangu!"

Hapo ukuta ukaguna, mawe yakaporomoka. Mbeleje akavuta kamba, ikawa nzito kama mtu. Wakaivuta wote watatu, wanalia na kumwita mwenzao. Ndoo ikatoka imejaa maji safi, baridi, na juu ya maji sururu ya Chibago inaelea. Sururu ya chuma, inaelea.

Kijiji kikanywa. Ng'ombe wakainuka. Lakini kila aliyeenda kuchota alisikia chini ya maji ko, ko, ko, mtu anachimba. Na kila kulipokucha mdomo wa kisima ulikuwa umepanuka shubiri moja kuelekea nyumbani kwa watu.

Nyemo, mjane wa Chibago, akaenda kwa waganga, akarudi na neno. "Mume wangu hajapumzika. Mwenye kosa la kifo chake ashuke kisimani, amwite kwa jina. Akishuka mwenye kosa, watapanda wote wawili, mmoja mzima na mmoja wa kuzikwa. Akishuka asiye na kosa, hatapanda."

Watu wakakusanyika.

Ndahani akasema, "Mimi nilionya. Nilichekwa, na waliosimama pale wakanyamaza. Nani huonya mara mbili mahali anapochekwa?"

Mbeleje akasema, "Kweli niliificha ile kamba. Lakini mwenye sikio ni Ndahani. Kama sikio lilinyamaza, mkono ungesema nini?"

Malogo akasema, "Ufa niliuziba, sikatai. Nyufa ngapi nimeziba, na zikashika? Chibago ndiye aliyeuvunja mwiko kwa kicheko chake. Kosa ni la marehemu."

Nyemo akamwambia, "Marehemu yuko chini tayari, Malogo. Tunamtafuta wa kushuka."

Macho yote yakamgeukia mtemi. Mtemi akasema, "Mimi niliahidi jina na maji. Sikumkataza mtu kusema 'tutoke'. Mngeyaona makaburi ya watoto niliyoyaona, nanyi mngeahidi zaidi."

Ardhi ikamegeka kidogo karibu na miguu yao, wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Nyemo peke yake hakurudi. Alikuwa ameifunga kamba kwenye nguzo, na kitanzi amekishika mkononi.

"Nimvishe nani?" akauliza.

Nami nawauliza ninyi mliokaa hapa: Ndahani, Mbeleje, Malogo, au mtemi Mbukwa? Je, nani alistahili kushuka?