Swali la Kidawa

Sogeeni, jamaa, mnipe masikio. Jambo la mwisho la kawaida alilofanya Kidawa ni kumcheka mumewe, Mshangama, kwa kuunguza maharage. Kisha akaenda kisimani, akawauliza wenzake, "Jamani, mzimu wetu wa pangoni hana mwili. Mbona anamaliza sinia zima la ubwabwa, na anayenenepa ni mlinzi wake?"

Wenzake walicheka, lakini maneno yakamfikia mlinzi. Katika mji ule, aliyemkufuru mzimu alifungiwa pangoni kwa jiwe.

"Unafuta maneno yako?" mlinzi akamwuliza mbele ya watu.

"Nimeuliza tu, babu. Nijibu."

"Unafuta?"

"Nijibu, nami nitanyamaza."

"Unafuta?"

Kidawa akamtazama mumewe. Mshangama akainamisha kichwa.

"Sifuti," akasema Kidawa, na jiwe likasukumwa.

Siku ya saba, jioni, mzimu alipenya jiwe, akaja mlangoni kwa Mshangama kama moshi.

"Mkeo amefariki," akasema. "Nilikaa naye mpaka mwisho. Nilimwambia sikuudhika, na kwamba ubwabwa wenu sijapata kuuonja."

"Kwa nini hukumfungulia?"

"Sina mikono."

"Basi ungemwambia mlinzi!"

"Nilimwambia. Akasema ninakufuru."

Asubuhi yake Mshangama alikwenda uwanjani, akasimama mbele ya mlinzi na watu wote, akayasema maneno ya mzimu kwa sauti, neno kwa neno, na safari hii hakuinamisha kichwa.