Siku Nafaka Ilipokoma Kulia

Sogeeni, lakini mikono isisimame, mahindi haya hayatajipukuchua. Na wewe uliyetupa gunzi likiwa bado na punje, liokote. Nitawaeleza kwa nini hapa kwetu mahindi yaliyovunda huzikwa kama mtu, na kwa nini waendao kuyazika hubeba vikapu. Si hadithi ya kuchekea. Siku niliyoisikia mimi, nilikataa chakula.

Zamani hizo nafaka ilikuwa na sauti. Ikiwa nzima, ilikaa kimya ghalani kama ilivyo sasa. Ikiingiwa na ukungu na kushika sumu, ililia. Ilianza taratibu, kama kitoto cha paka kilichofungiwa ndani, kisha sauti ikapanda mpaka jirani akaisikia akiwa shambani kwake. Kwa hiyo hakuna aliyekufa kwa kula nafaka mbovu. Watu walikufa kwa uzee, kwa njaa, kwa kuumwa na nyoka, lakini sumu ya ghalani hawakuijua.

Tena walikuwa na sheria. Ghala la mtu likilia, majirani walikuja wote, wakatoa kila kilichomo, kizima na kibovu, wakakichoma moto mpaka sauti ikome. Hapo walifanya vyema, sikatai. Lakini wakishamaliza walikung'uta majivu, wakampa mwenyewe pole, kisha kila mmoja akaenda kwake kula ugali. Mwenye ghala alibaki kuzunguka vijiji vya mbali na kikapu kitupu akihemea chakula, na watoto wa watu wakimcheka. Wazee hawatukanwi, najua. Ila hawa wananikera mpaka leo.

Basi palikuwa na mjane jina lake Nambua. Mungu alimwachia mtoto mmoja, Mrindoko, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mwaka huo mvua ilinyesha wakati wa mavuno. Wenye waume na wana wakubwa walianika mahindi yao wakiyatoa na kuyaingiza kila wingu lilipotanda. Nambua alikuwa peke yake na mtoto mgongoni, na ngedere walikuwa wanamaliza shamba. Akavuna yakiwa mabichi, akayajaza ghalani na unyevu wake.

Haukupita muda mrefu ghala likaanza kulia taratibu. Nambua alilijua lile analolisikia. Alijua pia kwamba mtoto mdogo kama wake hamalizi safari ya kuhemea. Mwaka uliotangulia alimsaidia jirani kuzika mtoto wake, aliyefia njiani mgongoni mwa mama. Akaketi mlangoni mwa ghala akawaza, na kile alichokiwaza alikiona kuwa ni akili.

Alizichagua punje. Zilizo safi akaziweka kando za kusaga. Zilizogeuka kijani, zile zinazolia, akamtilia ng'ombe kila mchana watu walipokuwa mashambani, kabla sauti haijapanda. Na kweli, kila alichomeza ng'ombe kilikoma kulia. Nambua alijiambia: mnyama ana tumbo kubwa, atayamaliza huko huko, na mwanangu hali mahindi haya, anakunywa maziwa.

Ng'ombe akaanza kukonda, manyoya yakamsimama. Mzee Senkondo, jirani yake, alipita akamwona.

"Mama Mrindoko, ng'ombe wako mbona amenyong'onyea?"

"Ni kupe tu, baba."

"Na ghala lako lipo salama? Mwaka huu unyevu umezidi."

"Lipo salama. Lingekuwa baya, si ungelisikia?"

"Kweli," alisema mzee. "Ningelisikia." Akaenda zake.

Mtoto naye akaanza kukataa ugali, akawa anataka maziwa peke yake, na mama akampa mengi. Tumbo likamvimba. Macho yakawa manjano. Nambua akamchemshia kila mzizi aujuao, na dawa akaichanganya na maziwa ili ishuke vizuri.

Asubuhi moja kilio kikasikika kijiji kizima. Kila mtu alikitambua. Watu wakakimbia na majembe na vijinga vya moto mpaka kwenye ghala la Nambua, wakalifungua. Lilikuwa limefagiwa. Mahindi machache yaliyobaki yalikuwa kimya. Na kilio kiliendelea.

Wakakifuata hadi ndani ya nyumba. Nambua alikuwa ameketi chini, Mrindoko mapajani, kinywa wazi. Sauti iliyotoka humo haikuwa ya mtoto. Walisimama mlangoni na vijinga mikononi, wasijue wachome nini.

"Nambua, ulimpa nini?" Senkondo aliuliza.

"Maziwa, baba. Nilimpa maziwa."

Jua halijafika utosini, kilio kilikatika. Ng'ombe alikufa siku hiyo hiyo, na nyama yake hakuna aliyeigusa.

Makaburini Senkondo alilia kuliko wanaume wote. Akasema, "Mwanangu, ungetuita. Ungepiga yowe tukaja."

Nambua hakuinua sauti. "Mngekuja. Mngechoma, mngekung'uta mikono, mngeenda kula. Mimi na yeye tungekula nini?"

Kisha mke wa Senkondo akaondoka bila kuaga, akarudi na kikapu cha mahindi, akakiweka miguuni pa mfiwa. Mwingine akaenda. Na mwingine. Vikapu vikajaa kulizunguka lile kaburi dogo. Nambua akavitazama, kimoja baada ya kingine.

"Kumbe yalikuwapo," alisema.

Mahindi yale yaliyobaki ghalani mwa Nambua hawakuyachoma. Hakuna aliyethubutu kuyatia moto baada ya kuisikia sauti yake kinywani mwa mtoto. Waliyachimbia shimo, wakayafukia polepole, wakaketi matanga.

Na tangu siku hiyo nafaka hailii. Kilio chake kiliishia kinywani mwa Mrindoko. Sumu huingia ghalani kimya, ng'ombe huila kimya, hutoka ndani ya maziwa meupe, na ulimi hauijui. Ndiyo maana tunaanika, tunapukuchua, tunachagua punje kwa macho haya haya mabovu. Na ndiyo maana anayeona ukungu kwenye mahindi yake hupiga yowe yeye mwenyewe, bila aibu, nasi tunakwenda na jembe mkono mmoja na kikapu cha nafaka mkono wa pili. Anayekuja na jembe peke yake hurudishwa mlangoni, awe mkubwa namna gani.

Sasa, kama yupo kati yenu aliyeona punje ya kijani akaisukumia chini ya magunzi, aseme. Hatutamuuliza ilikuwaje. Tutamuuliza nyumbani mko wangapi.