Marijani wa Mlango wa Mwamba

Mkaa mlangoni naye ni msafiri.

Methali hii ilianza hivi. Lakini ngojeni kwanza Mashavu afute machozi. Wenzake mmekwenda harusini kuangalia ngoma, yeye kaachwa aangalie maharage yasiungue na mdogo wake asiamke akaanguka kitandani. Nikamwambia msemo huo ili nimpoze, akaninunia hata mimi. Sasa mmerudi, mmenizonga, "Bibi, maana yake nini? Bibi, nani aliyeusema?" Haya, kaeni. Na wewe Shaibu, toa mkono kwenye sufuria.

Enzi za kale, nguva walipokuwa na ufalme wao chini ya bahari kama watu walivyokuwa na wao nchi kavu, alikuwapo malkia aliyeitwa Mwana Ambari. Alikuwa na mabinti watatu. Mkubwa ni Yakuti, jasiri, akishasema neno limesemwa. Kitinda mimba ni Kauri, mtoto wa mbio, mdomo unatangulia mwili unafuata. Katikati yao ni Marijani. Na katikati mnapajua nyie: mkubwa huheshimiwa, mdogo hudekezwa, wa katikati huambiwa sogea nipite.

Nguva wa kike walikuwa na desturi yao. Hakuna aliyeingia pangoni, wala kwenye kidimbwi cha mwamba, mpaka asukwe nywele na zikazwe hasa. Nywele za nguva ni ndefu kupita mkia, zikinasa kwenye matumbawe ndiyo basi tena. Na ilikuwa mwiko mtu kujisuka mwenyewe. Husukwa na ndugu, na huyo ndugu aliyesuka ndiye anayebaki mlangoni, nywele wazi.

Msidhani alibaki kupunga upepo! Alizitandaza nywele zake majini zikaelea. Maji yakijaa, nywele zinaelekea ndani. Yakianza kutoka, zinageuka zinaelekea nje, hata kabla jicho halijaona kitu. Hapo hugonga mwamba kwa ganda la kombe, wa ndani wakasikia, wakatoka upesi kabla mlango haujakauka.

Msukaji siku zote alikuwa Marijani. "Mkono wako mwepesi, hauumi," Yakuti alikuwa akimwambia, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Yakuti na Kauri waliingia mapangoni, wakaona maua yasiyo na jina, wakafukuzana na mikunga, wakarudi na vitu vya kuonyesha. Jioni manju wa malkia huanza kuimba: Yakuti kafanya hivi, Kauri kafanya vile. Marijani hukaa pembeni akisikiliza kama jina lake litapita. Halikupita. Siku moja alijikaza akamuuliza manju, "Na mimi?" Yule mzee akamtazama kwa huruma kabisa, wala hakuwa na ubaya. "Mwanangu," akasema, "wewe ulikwenda wapi hata nikuimbe?"

Neno lile lilimkaa rohoni. Lilimuuma, nakwambieni, kuliko tusi.

Basi malkia akaugua macho. Ukungu ulimwingia taratibu, mpaka ikawa anawajua wanawe kwa sauti tu. Mganga akasema dawa ipo, mwani wa buluu, na unaota mahali pamoja, ndani ya Kidimbwi cha Kizee, juu kabisa ya mwamba, karibu na pwani ya watu. Kufika huko ni kwa maji ya bamvua peke yake. Siku nyingine hayapandi hadi huko.

"Lakini wanangu, angalieni," mganga akasema. "Maji yajayo mengi ndiyo yaendayo mbali. Yakiwaacha kule mtakaangwa na jua, na watu wakiwakuta hamtarudi. Mkaa mlangoni asisinzie."

Asubuhi ya bamvua wakapanda na maji mpaka kwenye mlango wa kidimbwi, ufa katika mwamba, wa kupita nguva mmoja mmoja. Marijani akamsuka Yakuti. Akamsuka Kauri, ambaye hakutulia hata kidogo, kichwa huku, kichwa kule.

"Dada," Kauri akasema, "nikirudi nitakuhadithia kila kitu. Kila kitu! Usisikitike."

Alisema kwa mapenzi, maskini. Marijani akatabasamu, akamfunga ncha ya msuko, akamsukuma kidogo. Wakaingia.

Alipobaki peke yake, machozi yakamtoka. Kila kitu atahadithiwa, yeye masikio tu! Akazishika nywele zake. Akatazama huku na huku, hakuna mtu. Akaanza kujisuka.

Ndiyo, mwiko aliujua. Alijiambia leo na yeye ataingia, wakichelewa kidogo tu atawafuata, naye auchume mwani wa mama kwa mkono wake, ili jioni manju asipate la kusema. Akazisuka zikakaza, zikalala mgongoni. Akajiona mzuri. Akakaa pale mlangoni akiutunga wimbo mwenyewe, ubeti baada ya ubeti, na jina lake katika kila ubeti. Maji yakageuka. Hakuna unywele uliomwambia.

Alishtuliwa na kaa. Kaa mwekundu alitembea mbele ya uso wake juu ya jiwe kavu, na jiwe lile muda mfupi uliopita lilikuwa chini ya maji. Marijani akageuka. Nyuma yake, matumbawe yalikuwa yamekwisha kutoa vichwa nje kila upande. Ule uwanja wote waliouogelea wakija ulikuwa unakauka, umebaki mfereji mmoja mwembamba wa maji kuelekea kilindini. Na mlangoni pale maji ya kidimbwi yalikuwa yakimpita mbio yakienda zake.

Akachukua kombe, akagonga kama mwendawazimu.

Yakuti na Kauri wakatokea upande wa ndani, Kauri kakumbatia mwani wa buluu kifuani. Wakaona yale yaliyo nje.

"Mbona hukugonga?" Yakuti akauliza. Halafu akaziona nywele za mdogo wake.

"Nilijisuka, dada," Marijani akasema. "Nimewaua."

"Hujaua mtu bado. Mfereji ule una maji?"

"Ya kunipitisha mimi. Kwa nyie wawili hayatangoja."

"Basi nenda. Kauri, mrushie mwani. Mpelekee mama."

"Dada Marijani, nenda!" Kauri akasema, na sasa alikuwa akilia. "Sisi tutajificha humu mpaka maji yarudi."

"Mtajificha kwenye nini? Kidimbwi kinamwagika chote hapa nilipo mimi. Jua likipanda mtakuwa kwenye mchanga mkavu."

"Marijani," Yakuti akasema kwa ile sauti yake ya neno limesemwa, "nimekwambia nenda."

"Miaka yote mnaniambia kaa mlangoni," Marijani akajibu. "Leo ndiyo mnataka niondoke?"

Akageuka, akaingiza mkia wake katika ule ufa, akaukunja, akajibana na mgongo mpaka mwamba ukamkata ngozi. Maji yakapunguza mbio. Wenzake wakaelewa. Wakakokota mchanga na majani kutoka ndani, wakaziba kila tundu lililobaki ubavuni mwake, mpaka maji yakaacha kutoka. Ndani kidimbwi kikatulia, kina kinatosha. Nje mfereji ukakatika. Yeye akabaki katikati, tumbo kwenye maji ya dada zake, mgongo juani.

Nguva na jua, wajukuu zangu, ni samaki na kaango. Mgongo ulianza kuwasha, ukaja kuuma, ukaja kuchoma. Akafanya lile lililomjia. Akafumua nywele. Akazichovya kwenye kidimbwi, akajifunika nazo mwili mzima, na ncha zake zikaanguka nje, juu ya mwamba mkavu. Angalau zilikuwa na unyevu.

Mara akasikia sauti za watu. Wanawake wawili wanakuja juu ya mwamba na vikapu na fimbo za kuchokolea pweza. Yakuti na Kauri wakazama chini kabisa, chini ya ukingo wa jiwe. Marijani hakuwa na pa kuzama. Akafumba macho.

"Somoe, ngoja mwenzangu," mmoja akasema. Huyo aliitwa Bi Tausi, mwanamke mwenye mwili wake. "Mwiba umenichoma. Nipatie mahali nikae."

"Si hilo hapo jiwe lenye mwani?"

Bi Tausi akakaa. Juu ya nani? Juu ya binti wa malkia! Chekeni, chekeni, lakini yeye hakucheka. Mgongo umeungua, umekaliwa, na ukitikisika tu, basi.

"Ah! Jiwe hili laini," Bi Tausi akasema huku akijichokoa unyayo.

"Laini wewe mwenyewe ulivyonona," Somoe akamjibu. "Lakini tazama kidimbwi hiki. Vyote vimekauka, chenyewe kimejaa pomoni."

"Chokoa basi. Hapana kukosa pweza humo."

Somoe akazamisha fimbo. Ikapapasa mchanga, ikagonga jiwe, ikasogea kule kwenye ukingo walikojificha wale wawili. Marijani alitaka kupiga kelele, wamchukue yeye wawaache mkubwa wake na mdogo wake. Na hapo hapo ndipo alipohisi. Ncha ya unywele mmoja, kule nje kwenye mwamba mkavu, imeguswa. Ikainuka. Ikaelekea ndani.

Maji yanarudi.

Akajikaza. Vumilia kidogo, akajiambia, kidogo tu. Fimbo ikagonga ukingo tena. Nywele nyingine zikainuka, nyingi, zote zikielekea ndani, na Bi Tausi akaruka kama aliyekanyaga moto.

"Somoe! Maji hayo, yamenifika miguuni! Twende, tutakuja kuogelea bila kupenda."

Wakaondoka wakisukumana na kucheka, na kikapu kitupu.

Bamvua linaporudi halibishi hodi. Mwamba ukafunikwa. Marijani alijaribu kujinasua akashindwa, Yakuti akamvuta huku na Kauri akamsukuma kule, mpaka akatoka. Wakamchukua katikati yao hadi nyumbani, kila mmoja kashika mkono.

Mganga akakamua mwani wa buluu katika macho ya malkia. Ukungu ukaondoka. Na kitu cha kwanza alichokiona Mwana Ambari baada ya giza lile ni mgongo wa mwanawe wa kati, umebabuka, una majeraha ya mwamba kila upande.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Ni kosa langu, mama," Marijani akasema. Akaeleza yote, na la kujisuka hakulificha. Ukumbi wote ukaguna, kwani mwiko ni mwiko. Malkia akamsikiliza mpaka mwisho, akaushika ule mgongo kwa kiganja.

"Kosa ni lako," akasema, "na malipo ninayaona. Sina la kuongeza."

Manju akaona afadhali aanze kazi yake. Akakohoa, akapiga kigoma chake, akaanza: "Waliokwenda Kidimbwi cha Kizee ni wawili, Yakuti na Kauri..."

"Watatu!" Kauri akapaza sauti.

Manju akasita. "Mwana Kauri, usinikoseshe. Mwana Marijani hakuingia. Alikaa mlangoni."

Yakuti akasimama. Watu wakajua leo kuna neno.

"Mzee wangu," akasema, "mimi niliyeingia nilichuma majani, kisha nikalala chini ya jiwe naogopa. Kule ndani sikufika peke yangu, na kurudi nisingerudi. Nimekwenda safari nyingi, ukaniimba, nami nikakubali sifa zote bila haya. Hakuna hata moja niliyokwenda bila huyu. Andaa wimbo mwingine. Mkaa mlangoni naye ni msafiri."

Manju aliinamisha kichwa. Jioni ile aliimba majina matatu, na tangu siku ile hakuimba mawili tena. Marijani alisikia jina lake likipita, akalia kama mtoto. Safari iliyofuata Yakuti ndiye aliyesuka. Alikivuta kichwa cha Marijani vibaya sana, mkono mzito kama kasia, akamwingiza pangoni na Kauri, akabaki yeye mlangoni, nywele wazi. Wanasema alipogonga kombe wakatoka, alikuwa amechoka kuliko wao.

Ndiyo hivyo. Wale wanawake wawili nao walisimulia kwao habari ya jiwe laini lililotoweka, hakuna aliyewaamini.

Haya sasa, Shaibu, hayo maharage uliyokuwa ukiyanyemelea, yamepikwa na ngoma ya harusi? Na mtoto aliyelala salama, kabembelezwa na bwana harusi? Kama Mashavu asingebaki, ni nani kati yenu angepata ruhusa ya kutoka? Mnaangalia chini. Vizuri. Toa ile halua uliyoificha mfukoni, nimeiona tangu ulipoingia. Usimmegee Mashavu, mpe yote. Mpe na habari za harusi, mwanzo hadi mwisho, maana na yeye alikwenda.

Mkaa mlangoni naye ni msafiri.