Fundi Mbazi na Wadudu wa Kushoto

Ndugu yangu, kabla ya hadithi acha niungame. Mimi shule niliishia darasa la nne. Mwaka fulani nilisimama kanisani kutoa ushuhuda, nikasema nilijifunza kusoma Biblia peke yangu, mimi na Mungu wangu tu. Watu wakapiga vigelegele. Dada yangu Nangasu, aliyekuwa akinishika kidole na kukipitisha mstari kwa mstari kila akimaliza kuosha vyombo, alikuwa amekaa benchi la nyuma. Naye alipiga vigelegele. Mungu anisamehe. Kila nikiikumbuka siku ile namkumbuka na Fundi Mbazi, na habari zake ni hizi.

Katika mji mmoja chini ya milima ya Upare palikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma, jina lake Mbazi. Mageti ya nusu ya mji yalitoka mkononi mwake. Pombe hakunywa, sigara hakuvuta, na ibada ya Jumapili hakuikosa. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni gemu.

Hatua chache kutoka kwenye karakana yake palikuwa na kibanda cha Chedieli. Ndani mlikuwa na mashine moja kuukuu, ndefu kama kabati, ambayo watu waliiita Wadudu. Wadudu wa rangi walishuka kutoka juu ya kioo, safu kwa safu, na mchezaji, kwa chombo chake kidogo chini ya kioo, aliwapiga risasi akikwepa huku na huku kwa kijiti. Kila mdudu pointi hamsini. Ukiguswa mara tatu, mchezo umekwisha. Na kwa kuwa mashine ilikuwa ya zamani, umeme ukikatika ilisahau kila kitu. Basi Chedieli alikuwa akiandika rekodi ukutani kwa chaki.

Fundi Mbazi alikuwa na mke, Nakijwa, muuza tangawizi. Jioni akitoka sokoni alipita kibandani, akatua beseni lake, akasimama kushoto kwa mumewe.

"Baba Tumsifu, huyo! Kushoto! Na mwingine, kushoto!"

"Nimemwona, mama."

"Hujamwona."

Siku moja wakiwa hivyo hivyo, yeye na kijiti na mkewe na kelele zake, Mbazi alifika pointi elfu arobaini na moja, mia tatu na hamsini. Haijawahi kutokea. Madereva wa bodaboda waliokuwa wakitazama walimnyanyua juu juu. Mmoja wao, Msangi, akasema, "Fundi, nusu ni za mama hizo. Alikuwa anakuimbisha kama kwaya."

Sifa zilikuwa zimeshampanda Mbazi kichwani. Akajibu kwa sauti ili wote wasikie: "Huyu? Huyu anajua nini? Ananipigia kelele tu. Leo nimeshinda kwa sababu nimeziba masikio!"

Watu wakacheka. Nakijwa naye akacheka. Kisha akajitwika beseni lake, akaenda zake nyumbani. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kibandani.

Chedieli aliandika ukutani: MBAZI 41,350.

Basi Mbazi akaanza kuifukuza ile namba yake mwenyewe. Hakukuwa na mtu mwingine mjini wa kushindana naye, alishindana na jina lake lililo ukutani. Kila jioni alifika, na kila jioni alianguka. Elfu ishirini na nane. Elfu thelathini na moja. Akasema kijiti kimelegea. Akakichomoa, akaenda nacho karakana, akakichomelea upya kikawa kigumu kama nondo. Elfu ishirini na sita.

"Fundi," Msangi akamwambia, "wadudu wamekuzoea. Wanakusalimia kabisa."

"Cheka tu. Siku yangu inakuja."

"Itakuja, mzee, ila wewe itakukuta umeshakuwa babu."

Nyumbani macho yalikuwa yakimuuma. Wachomeleaji wana dawa yao: ukipigwa na mwanga wa moto, unakatiwa vipande vya kiazi mbichi, unalala navyo machoni. Nakijwa alikata viazi mwaka mzima.

"Mume wangu, twende hospitali."

"Ni moto wa kazi tu huu. Kata kiazi."

"Kiazi hiki sasa nakikata kwa aibu. Twende wakuangalie."

"Mama Tumsifu, macho haya yanaona unywele ndani ya uji. Hospitali ya nini?"

Nakijwa akakata kiazi.

Siku moja ikaja habari. Chedieli amepata mtu wa Arusha anayeitaka mashine, na lori litaichukua Alhamisi asubuhi. Mbazi alihisi kama amepewa taarifa ya msiba. Na jioni ile ile mkewe akamwambia, "Alhamisi madaktari wa macho wanakuja hospitali ya wilaya. Wakiondoka, mpaka miezi mitatu tena. Namba za kuwaona zinafungwa saa nne."

"Alhamisi nina kazi."

"Kazi ya wadudu?"

Mbazi akajilaza, akaweka vipande vya kiazi machoni.

Jumatano mchana aliacha geti la watu likiwa nusu, akaenda kibandani. Kabla ya kushika kijiti aliinamisha kichwa akaomba, na mimi simlaumu, maana nasi tumeombea mambo madogo kuliko hayo. Akacheza kama kijana. Thelathini. Thelathini na tano. Thelathini na nane. Mwaka mzima hakuwa amefika hapo. Msangi na wenzake walikuwa wameacha kutania, wamekaza shingo.

Halafu akaguswa. Mara ya tatu. Kwisha.

Chedieli akamtazama kwa mshangao. "Fundi, yule mwekundu mbona umemwacha?"

"Yupi?"

"Huyu wa kushoto. Ameshuka taratibu kama bibi harusi. Hata mimi ningempiga."

"Hakukuwa na mtu kushoto."

Msangi aliinua mkono wake upande wa kushoto wa uso wa Mbazi, akachezesha vidole. "Fundi, vidole vingapi?"

"Vidole vya nani?"

Hakuna aliyecheka. Mbazi akaziba jicho la kulia kwa kiganja, na dunia ikamzimikia. Kioo cha mashine, ukuta, jina lake kwa chaki, vyote vikawa ukungu mweusi. Akaondoa kiganja. Akaziba tena. Ikawa vile vile.

Alitoka bila kuaga. Njiani, kila hatua ilimletea jambo. Kikombe chake cha chai, ambacho siku hizi huwekwa kulia. Kanisani, ambapo mkewe alihama upande wa kina mama akaja kukaa naye, kushoto kwake, na yeye akadhani ni mapenzi ya uzeeni. Barabarani, mkono wake mdogo unaonuka tangawizi, daima kwenye kiwiko chake cha kushoto.

Alimkuta uani akigeuza tangawizi juu ya mkeka.

"Mama Tumsifu."

"Abee."

"Ulijua?"

Nakijwa alimtazama usoni, akaelewa. Akafuta mikono kwenye khanga. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomkanyaga yule kuku mweupe, ukasema ni yeye kakufuata. Kabla ya ile rekodi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Baba Tumsifu. Nilikuambia mpaka nikachoka. Ulisema unaona unywele kwenye uji. Nikasema basi, kama hataki kusikia, nitahamia kushoto."

Mbazi akakaa chini pale pale ukingoni mwa mkeka, mtu mzima na ndevu zake. "Na mimi nikasema unanipigia kelele. Mbele za watu."

"Ulisema."

"Ukacheka."

"Ningefanyaje? Nililia nilipofika jikoni. Haya, inuka, unakalia tangawizi."

Alhamisi saa tatu asubuhi wapagazi walikuwa wameshafika kibandani, lori liko nje. Mbazi akaingia na mkewe, wote wamevaa nguo za kanisani. Akaomba chaki. Msangi na wenzake wakasogea.

"Jamani," alisema Mbazi, "mwaka jana hapa hapa nilisema mama huyu hajui kitu, ananipigia kelele. Mlicheka kwa sababu mimi niliwachekesha. Nilikosa. Upande wa kushoto mimi sioni. Wale wadudu wote wa kushoto ni yeye aliyewaona, mimi nilibonyeza tu."

Nafasi kushoto kwa jina lake ilikuwa ndogo. Akaandika kwa kubanabana, na sasa ukuta ukasomeka: NAKIJWA NA MBAZI 41,350.

Nakijwa alijifunika uso na khanga. "Baba Tumsifu, unanitia haya."

Chedieli akakohoa. "Umeme sijachomoa bado. Chezeni moja la mwisho, wapagazi wanywe chai."

Nakijwa akasita, kisha akasogea mahali pake. Sauti iliyokosekana mwaka mzima ikarudi. "Huyo, kushoto! Mwingine! Subiri, subiri, haya sasa!" Mbazi hakujibu tena kwamba amemwona. Alijibu, "Asante, mama," na kupiga. Thelathini. Thelathini na nane. Arobaini. Wapagazi waliacha chai. Elfu arobaini na moja. Mia moja. Mia mbili. Mia tatu.

"Wawili tu, Fundi!" Msangi alipiga kelele. "Wawili tu unaipita!"

"Saa ngapi?" Mbazi aliuliza bila kugeuka.

Nakijwa aliangalia saa ya Chedieli. "Saa nne kasoro dakika ishirini. Maliza tu, baba. Tutakimbia."

Mbazi aliachia kijiti.

Alikiachia na chombo chake kingali hai katikati ya kioo, wadudu wakimshukia. "Fundi! Fundi, wawili tu!" walilia wote. Yeye alikuwa ameshanyoosha mkono wake wa kushoto hewani, akitafuta. "Mama Tumsifu, nipe mkono. Msangi, washa pikipiki."

Walifika hospitali dirisha la namba likifungwa. Daktari alimwambia ni presha ya macho, inakula kidogo kidogo bila kelele. Jicho la kushoto limekwenda na halirudi. La kulia lilikuwa limeshaanza kuliwa, upande ule ule wa kushoto, lakini kwa matone ya dawa kila siku litabaki. "Ungekuja baada ya miezi mitatu," daktari alisema, "tungekuwa tunaongea mengine."

Mpaka leo Mbazi anaona. Mashine ilikwenda Arusha, na namba ya mchezo ule wa mwisho hakuna aliyeiandika. Ukuta haujapakwa rangi. Na kila jioni Nakijwa humshika kichwa, akamtilia matone, na Mbazi humuuliza, "Umelenga?" naye humjibu, "Nyamaza, unanipigia kelele."

Funzo: Ushindi unaojivunia una mtu aliyesimama upande usiouona, mtaje mbele za watu angali anasikia.

Mimi dada yangu Nangasu nilimtaja siku ya mazishi yake, na hakupiga vigelegele. Nakuomba, kabla hujamtumia mwingine hadithi hii, mpigie simu mtu wako umwambie asante.